Safu ya Saa ya Kutoka

Nyumba ya makumbusho ya Bukoto imebomolewa, na kusema kweli kwa ajili ya nyumba sikulia. Bosko, aliyekuwa mlinzi wa getini miaka ile na sasa ni mzee wa meno matatu, alinipigia simu mapema asubuhi: "Zaituni, njoo uchukue makorokoro yako kabla tingatinga halijayameza." Nikamjibu kwamba sina korokoro lolote pale, niliondoka zamani nikiwa msichana. "Kuna kabati lako la vibao," akasema, "halifunguki, na aliyeondoka na ufunguo ni wewe." Lo! Ufunguo nilikuwa nao, umelala kwenye kopo la vifungo vya nguo, na kilichokuwa ndani ya kabati nilikijua. Ni kitabu cha wageni, kikubwa, cha jalada la bluu, nilichokifungia mwenyewe mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na miwili. Kwa sababu nilikifungia kitabu hicho, mwanamke mmoja alizika kitu ambacho hakupaswa kukizika. Mwanamke huyo yu hai, anauza mukene kule Ggaba, zile dagaa za ziwani, na kwa miaka yote hii nimempitia mbali sokoni nikijifanya simwoni. Nayaandika yalivyo, tena mwanzoni kabisa, nisije nikapata mwanya wa kuyapamba.

Habari za ukoo wangu naziacha, hazina kazi hapa. Itoshe kusema nililelewa katika kambi ya polisi, ambako Kiswahili ndicho tulichopikia na kugombania, na mwaka huo nikapata kazi katika makumbusho madogo ya mtaa. Ilikuwa nyumba ya zamani ya vigae, ina vyumba vitano na veranda, na madirisha yake yalikuwa na vioo vya kijani, hivyo hata saa sita mchana mle ndani ulijiona kama uko chini ya maji. Chumba cha kwanza kilikuwa cha vyungu na vinu, cha pili cha picha za harusi za watu wasiojulikana tena, cha tatu cha vyombo vya muziki vilivyokatika nyuzi. Mkuu wetu alikuwa Mzee Kizza, Muganda mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kulazimishwa na kazi. Siku ya kwanza aliniita nyabo, yaani bibi, akanihesabia kwa vidole: "Nyabo, wewe kazi yako ni tatu. Kitabu, vibao, na chai. Na hapana kuluhusu mutu kuingia bila kuandika." Vibao ni vile vya maelezo ya kila kitu kilichowekwa; kitabu kilikuwa na safu tano: tarehe, jina, mahali anapotoka mgeni, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Hiyo ya mwisho ndiyo Mzee Kizza aliyoipenda kuliko zote. Kila jioni aliipitia kwa kalamu nyekundu, ahakikishe kila aliyeingia ametoka.

Mama Achan alikuja mwezi wa pili, na sanduku juu ya toroli. Alikuwa mwanamke mrefu wa kaskazini, mke wa askari, mwenye shingo iliyonyooka. Sanduku lilikuwa la bati, la kijani, lile la jeshi ambalo kila askari hupewa, lenye jina na namba ya mwenyewe upande wa mbele, ila hili kutu ilikuwa imefunika maandishi yote. "Hii ni ya bwana yangu," akasema. "Alienda Kongo na wenzake, sanduku ikarudi peke yake. Nataka ikae hapa, watu wote waone. Lakini kufuli musifungue." Mzee Kizza alifurahi kupata kitu kipya. Mimi nilisisimka. Sisi watoto wa kambi tulilijua jambo hilo kabla ya kujua kusoma: gari likija na sanduku bila mwenyewe, mama zetu walianza kulia kabla afisa hajafungua mdomo. Sanduku likirudi peke yake, mtu amekwisha. Nikalisukuma hadi chumba cha tano, cha mwisho, na kila nilipopita pale nilijikuta nimepunguza sauti ya miguu.

Tangu hapo Mama Achan alikuja kila Jumanne, siku ambayo hatukuwa na wageni. Aliingia, akaomba kitabu aandike jina, kisha badala ya kuandika alirudi nyuma kurasa mbili tatu, akapitisha kidole taratibu kutoka juu hadi chini. Kidole kikisimama mahali, alivuta pumzi, akaandika jina lake, akaenda zake bila hata kulitazama lile sanduku. Nilidhani anajifunza kusoma. Nilimcheka, Mungu anisamehe, nikamwigiza mbele ya Bosko kwa kidole changu mpaka akacheka hadi akakaa chini. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi wakati ule nilijiona najua maana ya kila kitu kilichokuwa na kibao.

Jumamosi ndipo nyumba ilipojaa. Tulikuwa na mkusanyiko wa bure ulioitwa Jumamosi ya Vitu: yeyote wa mtaani alileta kitu cha nyumbani kwake, akasimama verandani, akasimulia kilikotoka. Nilichemsha chai kwenye sigiri ya makaa, nikakaanga kabalagala za ndizi, watu wakala na kusikiliza. Mama mmoja Mkongo wa Kansanga alileta pasi ya makaa aliyovuka nayo mpaka akiwa ameibeba kichwani, akaapa kwamba aliacha sufuria lakini pasi hapana, kwa sababu mkimbizi aliyenyoosha nguo hupigwa kidogo. Tulicheka sana siku hiyo. Na ni siku hiyo hiyo nilipomwona kwa mara ya kwanza yule mtu. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa linachoma, na viatu vyake vilikuwa na tope jekundu wakati hapakuwa na tone la mvua wiki nzima. Penye jina aliandika namba, tarakimu tano, zinaishia nne, moja, saba. Nikamwuliza kwa adabu, kama kumwita bwana, "Jina, ssebo?" Akasema bila kuniangalia, "Hiyo inatosha, mwanangu." Hakukaa verandani na wenzake. Alikwenda moja kwa moja chumba cha tano, akaketi kwenye benchi mbele ya sanduku. Nilimpelekea chai. Niliporudi baadaye kikombe kilikuwa kimejaa vilevile, na utando umeganda juu, na mtu hakuwapo. Bosko getini aliapa hakuna aliyetoka mwenye koti.

Akaja Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Namba ileile, saa tisa alasiri, na safu ya kutoka tupu. Mzee Kizza aliniita jioni, kalamu nyekundu mkononi. "Huyu mutu ameingia mala sita, nyabo. Hajatoka hata mala moja. Hii ni museumu ama ni kabuli?" Alisema kwa mzaha, lakini alipoona sicheki, na yeye akavua miwani akaifuta. Alikuwa hajui nilichosikia mchana ule. Nilikuwa nimeingia chumba cha nne kuchukua vikombe, na mlango wa kuingilia cha tano ulikuwa umerudishwa. Ndani palikuwa na sauti ya kiume, ya chini, sauti ya mtu anayezungumza na aliye karibu naye sana. Ikasema, "Watoto wamekula?" Kikapita kimya kama cha kusubiri jibu. Kisha ikasema, "Basi vizuri." Nilisukuma mlango. Benchi lilikuwa tupu, ile nuru ya kijani imetulia, hewa inanuka sabuni ya mche ile ya askari, na kufuli la sanduku lilikuwa linabembea polepole, huku na huku, mpaka likasimama. Mlango wa verandani kule nyuma kwenye migomba ulikuwa wazi kidogo, lakini mimi siku hiyo sikuona mlango, niliona kufuli tu.

Jumatatu nilitakiwa kuandika kibao cha sanduku. Ili nipate jina la mwenyewe, nilichukua kitambaa na mafuta ya taa, nikaanza kusugua kutu. Jina lilitokea kwanza, Ojara. Halafu namba, tarakimu moja moja, na nilipofika ya mwisho kitambaa kilinidondoka. Nne, moja, saba. Nilikimbia hadi getini bila viatu. "Bosko, jeshini namba huwa wanawapa watu wawili?" Bosko alikuwa amewahi kuwa askari. Akatema kijiti alichokuwa akitafuna. "Namba ni ya mtu mmoja tu. Akifa, inakufa naye." Nikamwonyesha kitabu. Alisoma mstari mmoja, akakisukuma mbali kwa kiwiko, asikiguse na mkono. "Banange, Zaituni, umekuwa ukimpa marehemu kalamu," akasema. "Kila akiandika, unampa mlango. Kifungie hicho kitu." Nikakifungia. Kabati la vibao, droo ya chini, ufunguo nikautia kwenye sidiria. Mzee Kizza nilimwambia kitabu kimelowa chai, na tangu siku hiyo wageni wakaandika kwenye karatasi moja moja. Jumapili nilizikunja karatasi za wiki bila kuzisoma, maana niliogopa kuikuta ile namba, na nikawashia nazo sigiri.

Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Jumamosi zilizofuata nilimwachia meza mwenzangu, msichana aliyekuja kunisaidia siku hizo za mkusanyiko, nikajichimbia jikoni kwenye moshi. Jumanne, Mama Achan alikuta karatasi mpya, nyeupe. "Ile kitabu kubwa iko wapi?" akauliza. "Imejaa, mama," nikadanganya. Jumanne ya pili akauliza tena, akasimama muda mrefu akiitazama ile karatasi, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu. Ya tatu aliuliza kwa sauti ndogo, na ya nne hakuuliza. Aliketi kwenye ngazi, mikono mapajani, na shingo ile iliyonyooka ilikuwa imelegea. Nilimwonea huruma, nikampa chai. Sikujua ninamhurumia kwa jambo gani. Wiki ya kumi alikuja na wazee wawili na gari dogo la mizigo. Kwao, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa kitu chake cha karibu, ili naye apate pa kulala na walio hai wapate kulala. Walikuja kuchukua sanduku. Nilishika mkono mmoja wa sanduku, Bosko mwingine, na lilikuwa jepesi, kitu kimoja tu kikibiringika ndani. Kabla hawajaondoka Mama Achan alitufungulia kitambaa jikoni: viazi vitamu vya kuchemsha na odii, ile karanga na simsim iliyosagwa pamoja. Tulikula tumesimama. Aliniambia, "Asante, mwanangu, kwa kunitunzia." Na mimi nikafurahi, nikadhani sasa mambo yamekwisha.

Jumamosi iliyofuata mwenzangu aliumwa, nikalazimika kukaa mezani. Saa tisa lile koti likasimama mbele yangu. Aliandika, akaenda chumba cha tano, na kwa mara ya kwanza nikamfuata, maana hofu ikizidi sana hugeuka ushupavu. Alikuwa amesimama penye mraba usio na vumbi pale sanduku lilipokuwa, anasoma kibao nilichoandika kwa mwandiko wangu mzuri: Limerudishwa kwa jamaa kwa ajili ya mazishi.

"Wanamzika nani?" akauliza.

"Mwenye sanduku, ssebo."

"Lini?"

"Wameshamzika. Alhamisi."

Aliketi kwenye benchi kama mzigo uliokatwa kamba. Kikombe cha chai nilikuwa nacho mkononi, sijui kwa nini nilikuja nacho, na akakipokea. Akanywa, ikamchoma, akashika mdomo, akanywa tena mpaka ikaisha. Ndipo nikajua kwamba huyu ni mtu. Maiti haungui ulimi. Nikakaa chini kwenye sakafu.

"Kile kitabu cha bluu kiko wapi?" akauliza.

"Nilikifungia."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili sasa."

"Na zile karatasi nilizoandika?"

Sikutaka kusema, lakini nilisema. "Tuliwashia sigiri."

Akatazama ndani ya kikombe kitupu. "Ya chai hii?"

"Ya chai hii."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Aliniambia kwa ufupi, kwa sauti ileile niliyoisikia nyuma ya mlango ikizungumza na sanduku, kwamba alitoroka vita, sanduku likarudi bila yeye, na wenzake jeshini walijua hakufa. Walikuwa wakiivizia nyumba ya mkewe. Namba ile kitabuni ndiyo ilikuwa barua yake, waliyokubaliana na mkewe. Yeye anaandika Jumamosi penye watu wengi, anapitia migomba ya nyuma kuondoka, mkewe anasoma Jumanne na kujua amefika wiki nyingine akiwa mzima. Nikaruka: "Nikimbie nikamwambie! Sasa hivi!" Akatikisa kichwa. "Watoto wameshanyolewa. Wazee wameshamwaga pombe. Kwetu mtu akishalazwa kaburini, kwa mlango hapiti tena. Na anayetafuta maiti ni nani? Sasa wale wa jeshini watamwacha mke wangu alale. Niapie hutasema." Niliapa, huku nalia na kamasi. Aliondoka kwa geti la mbele, bila kujificha, na Bosko alimfungulia, baadaye akaniuliza mbona mgeni yule analia. Nilipofika mezani nikakuta hakuandika namba. Aliandika jina lake lote, kwa herufi kubwa, saa ya kuingia saa tisa, na safu ya mwisho tupu. Karatasi ile sikuiwashia moto. Niliitia ndani ya kitabu cha bluu, nikafunga tena kabati, na kabla ya mwaka kwisha nikaacha kazi.

Watu huniambia kiapo ni kiapo. Ni kweli, lakini nami najijua: nilikishika kiapo kile kwa sababu kilinifaa. Kilinikinga nisisimame mbele ya yule mama. Nimezaa, nimefiwa na mume wangu mwenyewe, na usiku ule wa kwanza wa ujane ndipo nilipoelewa nilichomfanyia mtu bila sababu. Kwa hiyo nilipofungua kabati mbele ya Bosko nikakitoa kile kitabu, kimevimba kwa unyevu, sikwenda nacho nyumbani. Nilikwenda Ggaba moja kwa moja.

Anakaa chumba kimoja nyuma ya meza yake ya mukene, harufu ya samaki imeingia hadi kwenye pazia. Macho yake yameota ukungu, lakini alinitambua kwa sauti. "Wewe ni yule wa chai," akasema, na kabla sijakaa alishaniwekea viazi na odii. Sahani niliiweka chini. Nilimwambia yote, kuanzia kitambaa cha mafuta ya taa, bila kujitetea. Alisikiliza huku akichambua mukene kwenye ungo, na mahali fulani katikati vidole vyake vikasimama.

"Ulichoma," akasema.

"Nilichoma, mama."

"Ngapi?"

"Tisa."

"Wiki tisa mimi nalia na bwana iko Bukoto anakunywa chai."

"Hakunywa, mama. Ni ile ya mwisho tu."

Alipiga ungo kwa kiganja, mukene wakaruka hadi kwenye sketi yangu. Akasema kwamba ananichukia, akasema mara mbili, kwa utulivu, na nikamwitikia kwamba ndiyo. Nje wachuuzi walikuwa wanaitana kupakia samaki. Halafu akafuta mikono kwenye kitenge, akasema, "Lete." Nikaweka kitabu mapajani pake, nikamshika kidole, kile kile nilichokuwa nikikiigiza, nikakipitisha kwenye mistari sita ya bluu. Alijua penye namba kabla sijamwambia, kwa sababu yule mtu alikuwa akikandamiza sana kalamu. Mwishoni nikamwekea ile karatasi. Nikamsomea jina na tarehe.

"Hii ni baada ya sisi kumuzika."

"Baada, mama. Siku mbili baada."

"Kwa hivyo alikuja."

"Alikuja."

Akauliza kwa nini mkono wake unapita kwenye nafasi tupu kila mstari. Nikamweleza ile safu, na Mzee Kizza na kalamu yake nyekundu. Akacheka kidogo, nikaona anafanana na yule wa toroli. "Toa kalamu," akasema. "Hizi sita andika. Weka saa kumi na moja. Alikuwa anaenda na anarudi, basi ametoka." Niliandika saa kumi na moja mara sita. Nilipofika kwenye karatasi ya mwisho, nikaweka ncha ya kalamu penye nafasi, nikasubiri aniambie saa. Mkono wake, wenye magamba ya samaki, ukaja polepole ukalala juu ya ile safu, ukaifunika yote pamoja na vidole vyangu.

"Hapa hapana," akasema Mama Achan. "Huyu bado yuko ndani."